Ng'ambo ya Kasumbalesa: namna tulijifunza kuikala Kitwe

Kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni kilometa 90 na kitu. Ukiisha kuvuka, unapita Chililabombwe, unapita Chingola, na kama mulolongo wa makamyo haukukufunga, mbele ya jua kuzama umefika Kitwe. Ndiyo maana kwetu Likasi, mutu akisema anaenda kutumika Zambia, hakuna anayemulilia kama mwenye kupanda ndege ya Ulaya. Wanasema tu: "Zambia njo hapa. Utakuwa unakuya kula bukari siku ya mungu."

Sisi vilevile tulisema hivyo. Tunaandika hii tukiwa wawili, bwana na bibi, kila mara mumoja anamusahihisha mwingine. Kwa hiyo musishangae tukisema "sisi" hata pale mumoja wetu tu ndiye aliyeteseka.

Mwaka 2015 bei ya shaba ilianguka ku soko ya dunia. Kila mutu wa Kolwezi na Likasi anakumbuka. Kontra nyingi hazikufanywa upya, na ya baba wa nyumba yetu ilikuwa moja ya zile. Yeye ni fundi wa makamyo makubwa ya mugodi, miaka 14 ya kazi. Miaka miwili tuliikala tukishona maisha na viraka, kisha mwenzake wa zamani akapiga simu: kule Kitwe kuna sosiete inayotumika chini ya mugodi mukubwa, inatafuta mafundi. Tulivuka mwezi wa tisa 2017, na watoto wadogo wawili. Mukubwa wetu, aliyekuwa anaanza mwaka wa ine wa humanité, tulimuacha Likasi kwa nkambo yake. Tutarudilia habari yake.

Pale mupaka, kitu cha kwanza kinachokuambia umetoka kwenu ni barabara. Magari yanahama kutoka mukono wa kuume kwenda mukono wa kushoto. Tunacheka, lakini wiki ya kwanza baba alitazama upande wa Kongo, akaanza kuvuka, na mutoto wa miaka minane ndiye aliyemuvuta shati.

Tuanze na mikanda, kwa sababu mikanda ndiyo iliyokula feza yote tuliyotoka nayo. Ruhusa ya kutumika mu Zambia, mufanyakazi haiombi peke yake. Sosiete inayomutaka ndiyo inamuombea, na ikitoka, inatoka kwa ajili ya kazi ile na sosiete ile. Ukiacha kazi, hauwezi kubeba ruhusa ileile na kugonga mulango wa pili. Ni kuanza upya. Na mpaka itoke, hauruhusiwi kutumika. Tuliambiwa wiki sita. Ilikuwa miezi mine.

Diplome ya baba ilikuwa mu Kifaransa. Kule ilionekana kama karatasi ya kufungia karanga. Ilipaswa kwanza kutafsiriwa mu Kiingereza na mutu mwenye muhuri, kisha kupimwa: kuna ofisi ya serikali inaitwa ZAQA, kazi yake ni kusema masomo ya inje yana uzito gani mu Zambia. Sawa, hiyo tuliiweza. Kilichotushinda ni ile miaka 14. Wapi karatasi yake? Sosiete ya kwanza ilikwisha kufunga. Ya pili, shefu aliyetujua alirudi kwao. Ya tatu ilitupa karatasi yenye neno moja tu, "agent", kama vile mutu alikuwa anafagia kiwanja. Wewe unayesoma hii ukiwa bado ku kazi, hata kama haufikiri kwenda popote: siku kontra inaisha, usitoke bila sertifika ya kazi yenye tarehe mbili, muhuri, na kazi uliyofanya imeandikwa wazi. Usiseme utarudi kuichukua. Sisi tulisema tutarudi.

Miezi ile mine tulipangisha vyumba viwili mu Chimwemwe. Mutu wa kambi za Gécamines haipotei sana mu Kitwe. Ukifika Wusakile ao Chamboli, unaona nyumba za matofali mulolongo kwa mulolongo, zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mugodi wa Nkana, kisha miaka ya 1990 zikauzishwa kwa wale waliokuwa ndani. Tena kuna mulima mweusi wa takataka za tanuru, sawa na terril yetu ya Lubumbashi. Vijana wanauchimba kutafuta shaba iliyobaki; kwetu ni wakrezere, kule wanaitwa jerabo. Mwezi wa sita 2018, tukiwa pale, sehemu ya mulima ule iliporomoka na kuua watu 10. Mama alikwenda ku kilio kimoja na jirani, bila kujua hata neno la kusema. Aliketi tu chini pamoja na wengine. Ilitosha.

Mu atelie, baba aligundua kwamba mukono wake unajua kazi lakini mudomo wake ni wa mutoto. Kwetu tunasema kle, turnevisi, bulo. Kule ni spana, skrudraiva, boluti. Kamyo ni ileile, inaharibika vilevile, ila kila kitu juu yake kimebadilishwa jina. Na mutu mwenye miaka 40 na kitu haipendi kuuliza. Anaitika tu. "Yes, yes." Siku nzima yes.

Mwezi wa pili wa kazi, baba alikuwa mu kabini, mwenzake chini ya kamyo, compresseur inapiga kelele. Mwenzake akapaza sauti. Baba alisikia neno moja tu, stati, neno alilojifunza jana yake. Neno dogo la mbele, lile la kukataza, lilimezwa na kelele. Akaitika yes, akaweka mukono ku ufunguo. Muzee mumoja wa Zambia aliyekuwa anapita akapiga mulango wa kabini na nyundo, pah!, na baba akaruka kama mwenye kuungua.

Kosa lilikuwa la wawili. Kanuni inasema kila fundi anayeingia chini ya mashine anafunga umeme wake na kufuli yake mwenyewe, yenye kipande chenye jina lake, na ufunguo anauweka mu mufuko wake mwenyewe, hapana kwa shefu, hapana kwa rafiki. Siku ile kufuli haikuwekwa, juu kazi ilikuwa "ya dakika mbili". Muzee hakwenda kusema ku biro. Alingoja saa ya chakula, akaketi karibu na baba, akamuambia polepole, nusu Kibemba, nusu Kiingereza: hapa, mutu anayeitika bila kusikia, ni yeye anaua mwenzake. Kutoka siku ile, maneno ya kwanza kamili ya Kiingereza ambayo baba aliyajua vizuri yalikuwa haya: sijasikia, sema tena. Na muzee akawa anamupa maneno kumi kila siku. Baba aliyaandika juu ya karatasi za masanduku ya vipuri, tuko nazo mpaka leo.

Mama, yeye, hakuwa na mwalimu, na mukanda wake haukumupa ruhusa ya kutafuta kazi. Aliketi ku nyumba mwezi mumoja akitazama ukuta. Kisha akaanza kwenda tu kwa jirani asubuhi, kumusaidia kukanda unga wa vitumbua mbele ya kuvibeba ku soko. Wanaviita vitumbuwa, sawasawa na sisi! Mama aliporudi na neno lile alicheka peke yake mu njia. Alifikiri lugha ile yote ni ya kigeni, kumbe ni kama nyumba ya shangazi, vitu viko ila vimepangwa ingine namna. Bukari ni ubwali. Sombe ni katapa. Matembele ni kalembula, lengalenga ni bondwe. Asubuhi unasema mwashibukeni, na ukitia mukwai mwisho wa neno, watu wanajua umelelewa. Ba- ya heshima ni ileile yetu. Mbele ya miezi mitano mama alikuwa anabishana bei ku Chisokone, soko kubwa ya Kitwe, na wakati ule baba alikuwa bado anahesabu boluti.

Neno moja lilitutesa: mailo. Mu Kibemba, mailo ni jana, na mailo ni kesho. Mwenye nyumba alisema atatengeneza bomba la maji mailo. Tuligombana sisi wenyewe wawili, mumoja anasema alikuja jana hakutukuta, mwingine anasema atakuja kesho. Bomba lilikaa wiki tatu.

Tena habari ya unga. Kwetu Katanga tumekula unga wa Zambia tangu utoto, na maneno yale ya Kiingereza juu ya mufuko, breakfast na roller, tuliyasoma kama alama ya kiwanda tu. Ni kule tulielewa: breakfast ni ule mweupe uliochujwa sana, roller umechujwa kidogo, una rangi, na bei yake iko chini. Watu wa kazi nzito wanasema roller ndiyo inakaa mu tumbo. Miezi mine ile ya kungoja mikanda, roller ndiyo ilitulea, na mukubwa wa wadogo wetu wawili aliiita "bukari ya mashaka". Umeme nao ulianza kukatika sana mwaka 2019, mvua ilikuwa kidogo na maji ya mabwawa yalishuka. Tofauti na kwetu ni moja: kule hata giza ina ratiba. Unaambiwa kutoka saa fulani mpaka saa fulani, na mama anapika mbele yake.

Sasa watoto. Mwaka wa masomo wa Zambia unaanza mwezi wa kwanza, wetu mwezi wa tisa. Tulivuka mwezi wa tisa. Kule kalasi zilikuwa karibu kumaliza. Wadogo walibaki ku nyumba mpaka mwezi wa kwanza, kisha wakawekwa kalasi moja chini kwa ajili ya Kiingereza. Mwenye kuweza kuchagua, avuke mwisho wa mwaka. Wadogo hawakuteseka murefu. Mbele ya Pasaka walikuwa wanatukanana mu Kibemba. Lakini mukubwa angepoteza kila kitu: kule wakati ule kulikuwa mitihani ya Grade 9 na Grade 12, na yote aliyosoma mu Kifaransa yangekuwa bure. Alibaki Likasi ajiandalie Examen d'État. Nkambo yake alisema mwenyewe: "Muniachie huyu. Mumalize mambo yenu."

Nkambo huyu ni baba ya baba wa nyumba yetu. Alitumika Shituru, na alikuwa mumoja wa wale zaidi ya 10.000 waliotoka Gécamines kwa départ volontaire ya 2003 na 2004. Tangu hapo alikuwa na shamba dogo na baskeli. Kila mwezi tulimutumia feza ya masomo ya mutoto na kidogo ya chumvi. Na hapa kuna kitu ambacho hatukukihesabu siku ya kuweka sinyatire. Mushahara wetu ulikuwa mu kwacha, minerval ya Likasi ilikuwa mu dola. Mwaka 2017 dola moja ilikuwa kwacha 9 na kitu. Mwisho wa 2019 ilifika 14, na mwisho wa 2020 ilipita 20. Mushahara haukupanda hata nusu ya hiyo. Dola 100 ileile, ambayo mwanzo ilitutoka kwa kwacha karibu 950, ikaja kututoka kwa zaidi ya 2.000. Ukiandikiwa kontra ya inje, usitazame tu namba. Uliza iko mu feza gani, na mizigo yako kule nyuma iko mu feza gani.

Kuna vilevile vitu vinavyokatwa na vitu vinavyorudi. NAPSA, ile ya uzee, inakata asilimia 5 kwako na sosiete inatia 5. NHIMA ya matibabu, 1 na 1. Na sheria ya kazi ya mwaka 2019 inasema mutu mwenye kontra ndefu yenye tarehe ya mwisho anapaswa kupewa, kontra ikiisha, feza isiyopungua asilimia 25 ya mushahara wa musingi aliopata muda wote ule. Wakongomani tuliowakuta kule wengi hawakujua. Walisaini mwisho wa kontra, wakashukuru, wakaenda.

Mwezi wa kumi 2019 ruhusa ya kazi ilikuwa karibu kuisha, na sosiete ikachukua paspoti ya baba ili kuifanya upya. Wiki ya tano, saa kumi ya usiku, simu ya mutoto wetu kutoka Likasi. Nkambo amekufa. Hakuugua; alilala tu.

Baba alikwenda ku biro asubuhi, hata hajanawa uso. Akaambiwa paspoti iko immigration, hakuna namna. Watu wawili wakamunong'oneza habari ya tunjia twa mu pori karibu na mupaka, ambamo watu wanapita na magunia ya unga. Tuliketi mu chumba, tukazungumza saa nzima. Akikamatwa bila mikanda, ruhusa imekufa, na pamoja nayo minerval ya mutoto, na nyumba, na masomo ya wadogo. Mutoto wa kwanza wa marehemu asiyefika kuzika baba yake, kwetu munajua hiyo ni kitu gani. Paspoti ya mama ilikuwa ku nyumba. Alishika basi ya asubuhi na mutoto mudogo, kitenge mbili na feza yote iliyokuwa mu kopo.

Baba alibaki. Alifikiri atafunga mulango na kulia peke yake. Ilikuwa bado saa sita ya muchana, yule jirani wa vitumbuwa akaingia na wanamuke wengine, bila kuuliza wakatoa viti na meza inje, wakatandika mikeka, wakaketi chini. Magaribi wanaume wakaleta magogo, wakawasha moto mu kiwanja, na usiku kucha hawakuuacha uzime. Muzee wa nyundo alikuja na watu wa atelie, wakiwa wamechanga kwacha mu bahasha. Maiti iko Likasi, kilio kiko Chimwemwe. Wanamuke waliimba nyimbo za kanisa mu Kibemba kwa mutu wasiyemuona hata siku moja. Siku ya maziko mama alishika simu karibu na kaburi ili baba asikie. Alisikia pasta, alisikia majembe. Mbele ya kushusha sanduku rezo ikakatika.

Siku tatu nyuma yake, kijana mumoja wa biro alikuja kumuambia baba kwa sauti ya chini. Paspoti haikuwa imekwenda immigration. Wiki zile zote ilikuwa mu droo ya mutu anayeshughulikia mikanda, metre 300 kutoka atelie, akingoja zikusanyike nyingi ili apeleke zote pamoja. Alisahau. Baba alikwenda, mutu yule akafungua droo, akamupa, akasema pole.

Munatuuliza kwa nini baba hakuacha kazi siku ile. Somweni tena pale juu, namna ruhusa inavyofungwa na sosiete. Alirudi ku atelie. Wiki moja hakusema na mutu, na muzee akawa anatumika karibu naye bila kumusemesha.

Mukubwa wetu alimaliza mwaka ule akiikala na nkambo mwanamuke, akafanya Examen d'État, akapata diplome yake. Baba aliona kaburi la baba yake ku konje, miezi miwili nyuma ya maziko, akalisimikia msalaba wa chuma aliousudé mwenyewe Kitwe na kuuvukisha Kasumbalesa juu ya basi. Mutu wa douane aliuliza kama ni wa biashara.

Miaka miwili iliyofuata ikapita, ruhusa ikafika tena tarehe ya kufanywa upya, na sosiete ikaomba paspoti. Mara hii tulikwenda wawili. Tulikuwa na fotokopi tatu zenye muhuri. Tukaomba waandike juu ya karatasi siku wanayoichukua, siku wanayoipeleka, na siku itakayorudi. Mutu wa biro alisema hakuna mutu aliyewahi kuomba kitu cha namna hiyo. Mama akamujibu mu Kibemba, na mukwai mwisho wake, kwamba tutangoja pale mpaka aandike. Tukaketi. Ilikuwa karibu saa sita. Akaandika.